SOMO LA WAFANYAKAZI: KUPEKUA KABILA SI KUPEKUA MZIGO



Katika somo hili tunataka kujibu swali moja. Je, askari anayelinda mahali penye hatari, kama vile kiwanja cha ndege, anafanya vizuri akichagua watu wa kupekuliwa kwa kutazama kabila lao, taifa lao au dini yao? Wako wenzetu wanaosema kwamba jambo hilo linavunja heshima ya mtu, lakini linaleta usalama, kwa hiyo tulivumilie. Sisi tunasema sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli, na sehemu ya pili si kweli. Upekuzi wa namna hiyo unavunja heshima, tena unaacha mlango wazi kwa adui. Tutaeleza kwa nini.

Mtu atauliza: habari za ndege zinatuhusu nini sisi wa viwandani na mashambani, ambao wengi wetu tunasafiri kwa basi? Zinatuhusu kwa njia tatu. Kwanza, wapakiaji wa mizigo, wafagiaji, wapishi na walinzi wa kiwanja cha ndege ni wafanyakazi kama sisi, na hatari ikitokea wao wako karibu nayo kuliko wakubwa wao. Pili, lango la kiwanda na lango la shamba la miwa lina upekuzi wake kila siku, na makosa ya kiwanja cha ndege ndiyo hayo hayo ya langoni kwetu. Tatu, sisi watu wa Arua na Koboko tumekwisha kupitishwa katika chujio la kabila, na tunajua lilichukua nani na likaacha nani.

MAANA YA MANENO

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Tuseme baiskeli imeibwa sokoni Arua, na mwenye duka amemwona mwizi: kijana mrefu, mwenye shati la kijani, anayechechemea mguu wa kushoto. Polisi wakimtafuta kijana wa namna hiyo siku hiyo, hawatendi kosa. Wanamtafuta mtu mmoja aliyeonekana akifanya tendo moja. Hata shahidi akitaja lugha aliyokuwa akisema mwizi, hiyo ni alama mojawapo ya mtu huyo, pamoja na shati na mguu.

Lakini polisi wakisema, "Mwizi alikuwa wa kabila fulani, basi kila mtu wa kabila hilo ashuke katika basi apekuliwe, na wengine waende zao," hapo jambo limegeuka. Hatafutwi tena mtu, linatafutwa kabila. Huo ndio upekuzi tunaousema katika somo hili.

Upekuzi huo una pande mbili, na watu wengi huuona upande mmoja tu. Upande wa kwanza ni yule anayesimamishwa bila sababu. Upande wa pili ni yule anayeambiwa "wewe pita" bila sababu. Aibu iko upande wa kwanza. Hatari iko upande wa pili. Ndugu msomaji, shika maneno hayo, maana tutayarudia.

TUNAVYOLIJUA JAMBO HILI KWETU

Wakati wa ukoloni Waingereza walilifanya eneo la West Nile kuwa ghala la vibarua na askari. Vijana wa Kilugbara, Kialur, Kimadi na Kikakwa walikwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, au waliandikwa katika jeshi la King's African Rifles. Kisha ikasemwa kwamba watu wa West Nile ni watu wa vita kwa asili. Lakini mtu anayeingia jeshini kwa sababu kwao hakuna kazi nyingine hasukumwi na asili ya vita. Anasukumwa na njaa na kodi.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko, alitwaa serikali. Yeye mwenyewe alitumia chujio la kabila. Askari wengi wa Kiacholi na Kilango waliuawa makambini, na jina linaloanza na herufi O lilitosha kumtia mtu hatarini. Upande wa pili, aliwapa watu wa kwao vyeo na silaha, akidhani kwamba damu moja haiwezi kumgeuka. Ikawaje? Mwezi wa Machi 1974 jaribio la kumpindua liliongozwa na Brigedia Charles Arube, naye alikuwa Mkakwa. Chujio la Amin halikumwona, maana lilitengenezwa lisimwone mtu wa namna yake.

Amin alipoangushwa mwezi wa Aprili 1979, chujio liligeuzwa likatuelekea sisi. Mtu aliyesema Kilugbara au Kikakwa penye kizuizi cha barabarani, au aliyekuwa Mnubi, alihesabiwa kuwa mtu wa Amin, hata kama alikuwa mkulima wa tumbaku ambaye hakupata chochote katika utawala wa Amin isipokuwa kukosa sabuni na chumvi kama wenzake wote. Mwezi wa Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin waliingia kutoka ng'ambo ya mpaka, na jeshi la serikali likaja likalipiza kisasi kwa raia. Watu kwa maelfu mengi walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamejificha katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na askari wa serikali, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwao.

Je, usalama ulipatikana? Haukupatikana. Mapigano yaliendelea, na kijana ambaye hakuwa na ugomvi na serikali alipewa sababu ya kuwa nao. Hilo ni funzo la kwanza: chujio la kabila humfanya mtu asiye adui kuwa adui, na humfunga mdomo yule ambaye angeweza kuleta habari. Nani atakwenda kumwambia askari aliyoyaona njiani, ikiwa askari huyo atamkamata yeye kwanza?

TUTAZAME VIWANJA VYA NDEGE

Sasa twende kwenye ndege. Tarehe 30 Mei 1972, katika kiwanja cha Lod huko Israel, walinzi walikuwa wakiwahofia Waarabu. Ndege ya Air France ikashusha abiria, na miongoni mwao walikuwamo Wajapani watatu. Walichukua mizigo yao, wakatoa bunduki na mabomu ya mkono, wakaua watu 26. Wengi wa waliokufa walikuwa mahujaji Wakristo kutoka kisiwa cha Puerto Rico. Wajapani hao walikuwa wakishirikiana na kikundi cha Wapalestina. Adui alijua nani anatazamiwa, akampeleka asiyetazamiwa.

Habari ya pili ni ya hapa Uganda. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitua Athens kuchukua abiria wengine. Watu wanne waliopanda hapo waliiteka nyara, ikapelekwa Benghazi na hatimaye Entebbe. Wawili kati yao walikuwa Wapalestina. Wawili wengine walikuwa Wajerumani, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke. Mlinzi wa Athens ambaye angewatazama Waarabu peke yao angewaacha Wajerumani wapite na silaha zao.

Tusiishie hapo. Katika jengo la Entebbe watekaji nyara nao waliwagawa watu: Waisraeli upande huu, wengine upande ule. Na baada ya makomando wa Israel kuwaokoa mateka usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai, serikali ya Amin iliikasirikia Kenya kwa kuwa ndege za makomando hao zilipitia Nairobi. Wakenya wengi waliokuwa wakiishi na kufanya kazi Uganda waliuawa. Hawakuijua ndege hiyo wala rubani wake. Waliuawa kwa sababu ya taifa lao. Hivyo katika habari moja ya ndege moja, chujio la taifa lilitumiwa mara mbili, na mara zote mbili lilikuwa mikononi mwa wauaji.

Habari ya tatu ni ya London. Tarehe 17 Aprili 1986 mwanamke mmoja wa Ireland, mwenye mimba, alifika kiwanja cha Heathrow ili apande ndege ya El Al kwenda Israel. Kwa sura na kwa hali hakuna chujio la taifa ambalo lingemkamata. Mchumba wake, mtu wa Jordan, alikuwa amempa mkoba wenye bomu chini yake, na mwenyewe hakujua. Mkoba huo ulikuwa umekwisha kupita penye upekuzi wa kiwanja. Mlinzi wa shirika la ndege alimwuliza maswali, kisha akaupima mkoba mkononi. Ulikuwa mzito hata ulipotolewa vitu vyote. Watu zaidi ya 370 waliokoka kwa sababu mtu mmoja aliangalia uzito wa mkoba.

Wengine watasema hayo ni ya zamani. Haya, tarehe 22 Desemba 2001 mtu aliyejaribu kulipua kiatu chake ndani ya ndege iliyotoka Paris kwenda Miami alikuwa raia wa Uingereza mwenye jina la Kiingereza, Richard Reid. Na tarehe 25 Desemba 2009 kijana wa Nigeria alijaribu kuilipua ndege iliyokuwa ikikaribia Detroit, Marekani. Baba yake mzazi, tajiri wa benki, alikuwa amekwenda ubalozini mwezi mmoja kabla kuwaonya wakubwa juu ya mwanawe. Habari ya mtu mmoja, kwa jina lake, ilikuwapo mezani. Haikufuatwa. Halafu, mwezi wa Januari 2010, Marekani ikatoa orodha ya nchi 14 ambazo wasafiri wake wote walitakiwa kupekuliwa zaidi. Nigeria ilikuwamo, na Somalia, na Sudan.

Sisi wa Koboko tuitazame orodha hiyo kwa macho yetu. Wakakwa wako Uganda, wako Kongo, na wako ng'ambo ya mpaka upande wa Yei. Mwaka 2010 Yei ilikuwa bado Sudan. Kwa hiyo wana wa ndugu wawili, wenye babu mmoja, wangefika pamoja penye ndege, wa Yei angehesabiwa mtu wa hatari, na wa Koboko angepita. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Julai 2011, Sudan Kusini ikawa nchi huru, na mtu yule yule wa Yei akawa na taifa jingine. Na eneo letu lenyewe lilitawaliwa kwanza na Kongo ya Mfalme Leopold, kisha na Sudan, na mwaka 1914 ndipo likatiwa Uganda. Mipaka ilichorwa na wakoloni. Haiwezi kueleza kilichomo moyoni mwa mtu wala mkobani mwake. Marekani yenyewe iliiacha orodha hiyo mwezi wa Aprili 2010, ikasema itafuata habari maalumu badala ya taifa.

Mfano wa mwisho ni wa Mogadishu. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya shirika la Daallo ilipasuliwa ubavu kwa bomu muda mfupi baada ya kuruka. Aliyekuwa na bomu ndiye aliyekufa, na rubani akairudisha ndege salama. Katika kiwanja ambacho abiria wengi ni Wasomali, chujio la kabila lingefanya kazi gani? Bomu lilikuwa ndani ya kompyuta ndogo ya mkononi, na lilipitishwa kwa msaada wa watu waliokuwa na kazi pale pale kiwanjani. Mlango haukufunguliwa na kabila. Ulifunguliwa na mtu aliyeaminiwa, ambaye mikono yake haikukaguliwa.

Hata mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, yaliyoua watu zaidi ya 70, yanafundisha hayo hayo. Waliodai kuyatega walikuwa Al-Shabaab wa Somalia. Lakini waliotiwa hatiani na mahakama mwaka 2016 walikuwa raia wa Uganda, wa Kenya na wa Tanzania. Askari ambaye angewatafuta Wasomali tu angewapungia hao mkono.

HESABU YA LANGONI

Tutumie hesabu, maana hesabu haina kabila. Tuchukue mfano wa kiwanda chenye wafanyakazi 1,000. Kati yao 100 ni wa kabila linaloshukiwa, na 900 ni wa makabila mengine. Walinzi wana nafasi ya kupekua watu 100 kila jioni.

Tumpe msimamizi faida yote. Tuseme maneno yake ni kweli, kwamba kabila lile lina wezi mara mbili kuliko wengine: 4 katika kila 100, na wengine wana 2 katika kila 100. Basi katika wale 100 wako wezi 4. Katika wale 900 wako wezi 18. Akiwapekua wale 100 tu, atawakamata 4, ataaibisha watu 96 wasio na kosa, na wezi 18 watatoka langoni wakipiga mluzi. Watatoka leo, na kesho, na mwaka mzima, kwa sababu wanajua hawatapekuliwa kamwe. Tena wale 4 wakiwa na akili watampa mwenzao wa kabila jingine awabebee.

Sasa tutumie njia ya kura. Weka katika mfuko vizibo tisa vya chupa vyeupe na kimoja chekundu. Kila anayetoka achovye mkono, atoe kimoja, akirudishe. Anayetoa chekundu apekuliwe, awe meneja au mfagiaji. Walinzi watapekua watu wapatao 100, kazi ile ile. Lakini sasa kila mwizi ana hatari kila siku. Katika mwezi wa siku 26 za kazi, kati ya wezi 100 wanaoiba kila siku, karibu 94 watapekuliwa angalau mara moja. Hakuna aliyetukanwa, na hakuna aliyehakikishiwa usalama wa wizi wake.

NINI KINACHOSAIDIA

Mambo manne yanatokana na mifano hii.

1. Kupekua wote, au kupekua kwa kura. Zamani mashirika ya ndege ya Marekani yalichagua abiria wachache tu kwa kufuata orodha ya dalili, na utekaji nyara uliendelea. Tangu tarehe 5 Januari 1973 kila abiria na kila mkoba ulipekuliwa, na utekaji nyara wa ndege nchini humo ukapungua sana.

2. Kuangalia kitu na tendo. Mkoba mzito usio na kitu, mtu asiyejua nani alimfungia mzigo, mfanyakazi anayempa abiria kitu baada ya upekuzi: hayo ndiyo ya kutazama.

3. Kufuata habari ya mtu maalumu, inayoletwa na jirani au mzazi. Habari hiyo huja pale tu watu wanapoamini kwamba hawatageuziwa wao.

4. Kuwakagua pia wanaoaminiwa, na kuwalipa vizuri. Mlinzi asiyelipwa miezi miwili ni lango lisilo na komeo.

KAZI YA TAWI

Ndugu, tusiwachukie walinzi. Askari wa lango ni mfanyakazi mwenzetu, na mara nyingi amri ya kupekua kabila fulani haikutoka kichwani mwake. Kazi yetu ni kuifikisha amri hiyo mezani kwa aliyeitoa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 21, inakataza mtu kubaguliwa kwa ajili ya kabila lake, asili yake au dini yake. Basi katika mapatano na mwajiri tawi lidai haya: upekuzi wa lango uwe wa wote au wa kura, pamoja na magari ya wakubwa, wanawake wapekuliwe na wanawake, kila upekuzi wa mtu mmoja pekee uandikwe katika daftari, kwa sababu gani na kilionekana nini, na mlinzi anayekataa amri ya kuchagua kabila asifukuzwe.

Sisi tuliotoka West Nile tuna wajibu mmoja zaidi. Tukiona leo mkimbizi wa Sudan Kusini au wa Kongo anatolewa katika mstari kwa ajili ya alama za usoni mwake, tusinyamaze kwa kuwa safari hii si sisi. Chujio ni lile lile. Limegeuzwa tu.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Eleza tofauti kati ya kumtafuta mtu aliyeonekana na kulitafuta kabila.
2. Kwa nini tunasema hatari iko kwa yule anayeambiwa "wewe pita"?
3. Katika lango la kazini kwenu, nani hapekuliwi kamwe? Kwa nini?
4. Rudieni hesabu ya langoni kwa idadi ya wafanyakazi wa kiwanda au shamba lenu, mpeleke jibu katika mkutano wa tawi.